Tiki Tuliyoiondoa

Vumbi la miaka mingi likipata joto ndani ya kompyuta hutoa harufu ambayo si ya moshi wala si ya plastiki. Inakaribia ile ya blanketi la sufu lililoachwa karibu na jiko. Mwezi uliopita, mjini Tanga ninakofanyia kazi, ofisi moja iliniita niwaangalizie mashine yao ya zamani iliyokuwa haiingii kwenye mtandao. Niliiwasha, nikainama nyuma yake kutafuta waya, na harufu ile ikanipanda puani. Vidole vikawa baridi. Mimi ni mtu mzima na kazi hii ndiyo inayonilisha, lakini nilisimama pale moyo ukinidunda kama mtoto aliyesikia hatua za baba yake uani.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi Malindi, ile ya milimani Lushoto, upande wa chini ya barabara, kwenye bonde ambalo ukungu wa Julai ukishaingia asubuhi huwa unasahau kutoka. Baba alilima kabichi na karoti kando ya mto. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyomzidi umbo. Akisimama mlangoni akakuita, uliyekuwa ng'ambo ya mto ukaitika. Watoto wa darasa lake walikuwa wakisema mwalimu hahitaji kengele.

Mama alikuwa na rovu shingoni. Nilipoanza kulifahamu lilikuwa kama yai la kuku, akilifunika kwa mtandio na maisha yanaendelea. Mwaka huo lilikua mpaka likaanza kumbana pumzi, akawa analala ameegemea ukuta, na sisi chumba cha pili tunasikia hewa ikipita kooni mwake kama upepo kwenye tundu la mlango. Madaktari wakasema lazima lipasuliwe, na lipasuliwe Dar es Salaam. Aliondoka mwishoni mwa Juni, shule zilipofungwa.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima mwenye nia njema na ulimi usio na breki, alikuja kutufariji. Alikaa jikoni akatueleza habari za mwanamke wa Lukozi aliyepasuliwa rovu akaamka mzima kabisa, anakula, anatembea, ila sauti ilibaki kwenye kisu. Alisema hivyo akiwa anapuliza chai. Baba alimkatiza akamwuliza habari za mbuzi wake, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Tangu siku ile, kila nilipofumba macho niliiona sauti ya mama imelala kwenye sinia la hospitali.

Bondeni kwetu simu haikushika mtandao. Aliyetaka kupiga alipanda mpaka barabarani, mwendo wa saa nzima kwa mtu mzima mwenye mapafu mazuri. Kwa hiyo baba mdogo, mdogo wake baba anayeishi Dar, alituletea vitu vinne kabla mama hajaondoka: kompyuta mbili kuukuu ambazo ofisi yao ilikuwa inazitupa, kisanduku cheupe cha intaneti chenye taa nne za kijani, na simu ya kupangusa. Fundi alitoka Lushoto mjini akapachika kisahani juu ya paa kikitazama mnara ulioko mgongoni mwa mlima. Kila siku saa kumi alasiri, saa ya kutazama wagonjwa ilipofunguliwa, baba mdogo aliingia wodini, akatupigia kwa video, akampa mama simu. Sisi tulipokea kwa simu ile aliyotuachia. Saa kumi na moja wauguzi walimtoa, naye akaondoka na simu yake.

Kabla ya kuondoka, fundi alituonyesha kitundu kidogo nyuma ya kisanduku, akasema mtu akichomeka pini pale kila alichokipanga kitafutika, na yeye hatarudi leo wala kesho. Baba alitukalisha chini, mimi na kaka yangu Hamza, akasema kisanduku hakiguswi. Alisema mara tatu. Baba hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Hatukukigusa. Hivyo ndivyo tulivyojidanganya, kwamba kukiingilia kupitia kompyuta si kukigusa.

Hamza alikuwa na miaka kumi na minne na akili isiyotulia. Ndani ya kompyuta zile alikuta gemu la vifaru vya kivita, la zamani hata kwa wakati ule. Ungeweza kucheza peke yako dhidi ya mashine, au watu wawili kwenye kompyuta mbili wakawindana. Kompyuta moja ilikuwa sebuleni, nyingine kwenye chumba ambamo mama alisahihishia madaftari, na zote zilikuwa na waya uliokwenda kwenye kisanduku. Tulidhani kazi imekwisha. Lakini Hamza akifungua mchezo sebuleni, mimi chumbani sikuuona. Nikifungua mimi, yeye haoni. Tulipigiana kelele kupitia ukuta siku nzima kama wachuuzi wawili wasiouziana.

Gemu lilikuwa na maelezo yake kwa Kiingereza, na neno lililojirudia kila mstari lilikuwa moja. Tukafungua kamusi ya mama: itifaki. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Itifaki tuliifahamu, ni ile ambayo diwani alikuwa akisema imezingatiwa, kisha akataja wageni wote tena mmoja mmoja. Lakini Hamza aliwaza akasema labda ni kitu kilekile. Ukikutana na mtu mzima bila shikamoo, hakuitikii, hata kama anakuona. Kompyuta zetu zilikuwa hazijui zisalimiane vipi.

Tuliongeza itifaki ya kizamani ambayo maelezo yaliitaja, kwenye mashine zote mbili. Hazikuonana. Siku ya pili Hamza akageukia njia nyingine, ya kuzipa kompyuta anwani kwa mkono, kila moja na namba yake, kwa kunakili mfano ulioandikwa mle kwenye maelezo. Lakini alihofia kisanduku, maana kazi yake mojawapo ni kumgawia anwani kila anayeingia. Alidhani kitagombana na namba zetu. Akafungua ukurasa wa mipangilio yake kwenye kompyuta, akiandika neno la siri lililobandikwa chini ya kisanduku, na palipokuwa na tiki ya kugawa anwani akaiondoa. Kisha akaandika namba zetu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mimi ndiye niliyemsomea.

Gemu likakubali. Sijui niwaelezeje furaha ile. Nilikiona kifaru cha Hamza kikitoka nyuma ya kilima upande wangu wa ukuta, na nikasikia kicheko chake upande wa pili, vyote kwa wakati mmoja. Tulicheza kutoka adhuhuri mpaka karibu saa tisa, ukungu umeziba dirisha, hatujala hata viazi tulivyoachiwa.

Nilipokwenda kuchukua simu ya kupangusa kuiweka tayari, haikuwa na intaneti.

Mtaniuliza kama nilijua siku ile ni siku gani. Nilijua. Mama alikuwa anapasuliwa kesho yake asubuhi. Simu ya saa kumi ilikuwa ya mwisho kabla ya kisu.

Hamza alirudisha kompyuta ijipatie anwani yenyewe kama mwanzo. Haikupata kitu, maana mgawaji tulikuwa tumemzima. Akajaribu kufungua ukurasa wa kisanduku airudishe tiki. Haukufunguka. Akajaribu kwenye ile ya chumbani, ambayo bado ilikuwa na namba tuliyoipa. Vilevile. Akazima kila kitu, akawasha. Taa nne za kijani ziliwaka vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kisanduku kizima hakina tatizo, kimetugeuzia mgongo tu. Ndipo Hamza akachomoa pini kwenye pazia.

Sikuwahi kupigana na kaka yangu kabla ya hapo. Niliushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, akanisukuma, nikamng'ata. Pini ikaanguka. Alinitazama, halafu akasema anakwenda kumkatia ng'ombe majani. Akachukua mundu akatoka. Ng'ombe alikuwa na majani ya siku mbili mbele yake.

Nilibaki peke yangu na ile harufu ya vumbi la moto. Nakumbuka kwamba niliogopa vitu vyote pamoja na sikujua kipi kikubwa. Niliogopa fimbo ya baba. Niliogopa mama atapiga, atapiga tena, atadhani tumemsahau, ataingia kwenye chumba cha kupasuliwa na mawazo hayo. Na niliogopa kwamba sauti itabaki kwenye kisu na mimi sikuisikia siku ya mwisho kwa sababu ya vifaru.

Baba aliingia kama saa tisa u nusu, ameshanawa matope mtoni, amevaa shati safi kwa ajili ya mama. Alikuwa na kawaida moja: kutufokea kwa Kiswahili, kutubembeleza kwa Kishambaa. Nilimwambia nikiwa nimeshika kiti. Nilisema tumeingia kwenye kisanduku, tumeharibu, mama hataweza kupiga. Nikangoja Kiswahili.

Aliniuliza kwa Kishambaa, taratibu, kama kuna kitu chochote kimeungua. Nikasema hapana. Akauliza Hamza yuko wapi. Nikasema majanini. Akatazama saa ya ukutani, akatazama mlango. Hata mimi niliweza kupiga hesabu ile: akiondoka dakika ile kupanda barabarani, huenda angemwahi mama kabla baba mdogo hajatolewa wodini. Angemwahi yeye peke yake. Alisimama na mkono kwenye kitasa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kisha akaufunga mlango kutoka ndani, akavuta kiti, akakaa kando yangu.

"Chukua daftari," alisema. "Niandikie kila mlichofanya. Anza na cha mwisho, urudi nyuma."

Nilidhani ni adhabu. Shuleni tuliandikishwa makosa yetu namna hiyo kabla ya viboko. Nikaandika, machozi yakilowesha karatasi, naye akiinamia daftari, akisoma kila mstari kwa sauti ya chini. Tumezima tukawasha. Tumesema ijipatie anwani. Tumecheza. Tumeandika anwani ya kompyuta ya chumbani. Hapo nikaandika namba yenyewe: kumi, nukta, sifuri, nukta, sifuri, nukta, mbili. Baba akasema andika na ya kisanduku pia. Nilimwambia ya kisanduku hatukuigusa. Akasema andika tu.

Nilikipindua kisanduku, nikainakili kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa chini. Ilianza na mia moja tisini na mbili. Niliziandika moja chini ya nyingine, na nilipoinua kalamu nikaziona.

Hazikufanana hata mwanzo. Sisi tulikuwa na namba za kumi, chenyewe kina namba za mia moja tisini na mbili. Ilikuwa kama mtu wa Malindi amejiandikia kuwa mkazi wa kijiji kisichokuwepo, halafu anashangaa jirani yake haitiki. Kisanduku hakikutukataa. Kilikuwa hakituoni.

Adhana ya alasiri ikaanza msikitini, imefifia kwa ukungu. Baba hakuinuka. Nilikaa mbele ya kompyuta ya sebuleni, nikaipa kwa mkono namba inayoanza kama ya kisanduku, nikabadilisha ile ya mwisho tu, nikaweka tano. Vidole vilikuwa vinakosea, nikaandika mara tatu. Kisha nikauita ukurasa wa mipangilio.

Ukafunguka.

Nilikuta pale mahali patupu pa tiki, nikabonyeza, tiki ikarudi. Nikahifadhi. Taa zote nne zikazimika.

Sijawahi tena katika maisha yangu kuogopa kama nilivyoogopa taa zile zilipokuwa zimezimika, na nimeshazaa watoto wawili. Baba aliweka kiganja chake kisogoni kwangu. Kilikuwa kizito na cha baridi, kinanuka sabuni ya kufulia. Taa moja ikawaka, ya pili, ya tatu, na ile ya nne ikapepesa muda mrefu kabla ya kutulia. Hamza alitokea wakati huo na mzigo wa majani ambao hata mlango haukuutosha, akasimama nao kichwani hajui auweke wapi.

Simu ikaita saa kumi na dakika ishirini. Baba mdogo alisema amejaribu mara nne.

Mama alitokea amejifunga kanga, na kwa mara ya kwanza shingo yake ilikuwa wazi, madaktari wameichora mstari wa kalamu. Aliongea na baba. Aliongea na Hamza, akamwuliza kuhusu ng'ombe, Hamza akalia akasingizia vumbi la majani. Kisha akaniita mimi. Aliongea nami kwa muda, najua hivyo, kwa sababu baba mdogo alisema tufupishe. Lakini kisanduku kilikuwa kwenye rafu upande wangu wa kushoto, na mimi nilikuwa nimezikodolea macho zile taa nne. Nilikuwa na uhakika kwamba nikiacha kuzitazama zitazimika. Nilisema ndiyo mama, ndiyo mama. Sikumbuki alichosema.

Baadaye baba alituambia mambo ya leo yataishia ndani ya nyumba hii, mama ana mzigo wake wa kutosha. Hamza alimshukuru kwa Kishambaa, "Hongea," bila kuthubutu kumtazama usoni. Hatukuchapwa. Kesho yake baba alipanda barabarani tangu asubuhi, akashuka jioni, na kabla hajafika uani alishaanza kutuita. Mama alikuwa ametoka salama.

Alirudi nyumbani Agosti, na sauti yake haikurudi naye. Haikupotea kama ya yule mwanamke wa Lukozi. Ilibaki nzito, ya kukwaruza, ya chini, ambayo haivuki hata uani. Alinunua kengele ya darasani. Wanangu wanaifahamu sauti hiyo tu na wanaipenda, husema bibi anaongea kama anakupa siri.

Baba nilimwuliza nilipokuwa chuoni alijuaje kwamba kuandika kutoka mwisho kwenda mwanzo ndiyo njia ya kutafuta kosa, maana na sisi ndivyo tulivyofundishwa. Akacheka. Akasema hakujua lolote. "Nilikuandikisha kwa sababu ningesimama ningekupiga," alisema, "na nikikupiga, nani angetengeneza? Halafu na mimi nilihitaji kitu cha kutazama." Ndipo nilipoelewa kwa nini kiganja kile kilikuwa cha baridi.

Nilidhani kwa hapo nimeshaelewa yote.

Idi ya mwaka juzi nilikwenda Malindi. Tulikuwa jikoni, mimi na mama, tunamenya viazi, tunazungumza habari za binti yangu mkubwa aliyeanza kuninunia bila sababu. Mama akasema nisihangaike, watoto wana mambo yao, hata mimi nilimnunia siku moja na akanisamehe zamani. Nikauliza siku gani. Akasema, "Siku ile kabla sijapasuliwa. Niliongea na wewe, hukutaka hata kunitazama. Ulikuwa unatazama pembeni muda wote. Nikajua ni shingo, umeiona ikiwa wazi, umeiogopa. Nikajuta kutojifunika."

Kisu kilisimama kwenye kiazi. Miaka yote ile, mimi, Hamza na baba tuliitunza siri tukidhani tumemwondolea mzigo, na mama alikuwa ameingia kwenye chumba cha kupasuliwa akiamini kwamba mtoto wake ameshindwa kumtazama.

Nilimweleza yote, vifaru, tiki, namba, pini ya pazia, na zile taa nne nilizokuwa nimezishika kwa macho ili yeye asikatike. Nilipomaliza aliokota kiazi, akakizungusha mkononi bila kukimenya.

"Basi nilikwenda na huzuni ya bure," alisema, kwa sauti yake ya kukwaruza.

Nikamwuliza kama anakumbuka alichoniambia siku ile, kwa ile sauti nyingine. Alifikiri sana. Akasema hapana, hakumbuki. Alichokumbuka ni uso wangu tu, ulivyokuwa umegeuka. Tukaendelea kumenya. Nilihamisha kigoda changu upande wa pili wa sufuria, nikakaa nikimtazama.